Mzunguko wa Mtondooni

Alasiri ile kazi yetu ilikuwa kukagua mishale.

Serikalini hakuna kazi nyepesi kuliko hiyo. Unatembea, unauona mshale, unajiambia upo, unaendelea mpaka wa pili. Kesho yake wageni rasmi wangefika kutoka Nairobi kuzindua njia ya kutembea kwa miguu pale Mtondooni, kisiwani Pate, na mkurugenzi wetu, Bwana Mugambi, alitaka kuizunguka kwanza mwenyewe asije akapotea mbele ya kamera.

Mimi naitwa Abdulwahid, mtu wa Mkomani, Amu, ambayo ramani huiita Lamu. Idara iliniajiri niandike mambo mazuri inayoyafanya, kazi inayoniachia muda mwingi wa kusoma vitabu. Kipeperushi cha njia hiyo, hata hivyo, sikukiandika mimi. Kilisema hivi: "Mzunguko wa kiwango cha wastani, katika vilima vilivyochongwa na barafu ya kale, ukipita mashamba tulivu ya kando ya ziwa." Mtu fulani ofisini alikuwa ameyanyofoa maneno hayo mtandaoni, kutoka nchi ambako barafu huchonga vilima kweli, akabadilisha jina la mahali, akaenda kula chakula cha mchana. Vilima vya Mtondooni ni vya mchanga uliorundikwa na upepo. Ziwa lake ni la maji ya mvua, pana wakati wa masika, matope wakati wa kiangazi. Na barafu pekee wanayoijua watu wa huko ni ile inayofika gatini Mtangawanda ndani ya masanduku ya samaki.

Nilimweleza Mugambi.

"Abdul," akaniambia, "mtalii akishafika huku ameshalipa. Ataenda kumuuliza nani barafu iko wapi?"

Alikuwa mtu wa kucheka, Mugambi. Hilo lazima nilitangulize, maana ukisikia yaliyompata utataka kuamini alikuwa shetani. Hakuwa. Alikumbuka siku za kuzaliwa za madereva. Akienda kwao Meru alirudi na asali, akatugawia sote kwa chupa za soda. Ila mtu asiyekuwa na cheo, wala kazi ofisini kwake, hakukaa kichwani mwake. Alipita tu, kama upepo wa feni.

Amini alikuwa mmoja wa waliopita.

Kila mwaka Mtondooni hufanya zinguo. Ng'ombe dume huzungushwa nje ya mji kwa kisomo na ubani, mji ukiwa mkono wake wa kulia, na kila baya lililoingia humo, maradhi, hasadi, vitu ambavyo hata majina havina, hutoka likamfuata yeye. Huanzia kwenye jiwe lililo karibu na msikiti wa kale, akapita vilimani, ziwani, makondeni, akarudi hapo hapo kwenye jiwe. Mzunguko ukifungwa, huchinjwa. Mji ukapumua. Aliyekuwa akimshika kamba ng'ombe huyo ni Amini, kama alivyofanya baba yake kabla yake.

Na njia yetu ya watalii? Ni hiyo hiyo. Mchora ramani wetu aliikuta imeshakanyagwa vizuri, akamshukuru Mungu. Ila mishale aliielekeza upande wa pili, kinyume na ng'ombe, ili jua la jioni lisiwapige wageni machoni.

Amini alikuja ofisini kwa adabu, kanzu imepigwa pasi. Akasema hana neno na watalii. Waje, watembee. Ila mishale igeuzwe. Watu wakizunguka kinyume kila siku watafungua kilichofungwa. Akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa, yaani hapana. Basi akarudi kwao, akaing'oa mishale yote, akaipanga mbele ya ofisi ya chifu na kuifunika turubai isilowe.

Mugambi alipiga simu moja. "Hebu mumweke ndani kidogo, apoe."

Amini alikuwa na pumu. Kituoni walimvua mkanda, viatu, na kile kidude chake cha kuvuta dawa, kwa mujibu wa kanuni. Wikendi ilikuwa ndefu. Mwenye ufunguo wa kabati alikuwa arusini. Uchunguzi uliofuata uliona kwamba dawa ya marehemu ilihifadhiwa katika hali nzuri.

Nimesoma vitabu vingi vya kutisha. Sijakutana na sentensi inayoishinda hiyo.

Mjane wake ni Nusra. Idara, kwa kuguswa, ilimpa ajira: mwongoza wageni wa kwanza wa njia ya Mtondooni, fulana na kofia kwa gharama ya serikali. Tulidhani atatutupia kofia usoni. Alikubali siku hiyo hiyo. Mishale ikarudishwa kama ilivyokuwa, na aliyeshika nyundo ni yeye.

Nasi hatukujiuliza kwa nini.

Alitungoja kwenye nyumba ya mwisho, karibu na jiwe. Buibui, mtandio, na juu ya mtandio ile kofia yenye nembo yetu. Mugambi hakumjua. Rambirambi alikuwa ametia saini, lakini sura hakuwahi kuiona.

"Wewe ndiwe unatuzungusha leo?" akauliza kwa furaha.

"Ndimi, Bwana Mkurugenzi. Karibu Mtondooni. Hapa petu mtu hapiti mkavu."

Akamnyunyizia marashi. Kichwani, mabegani, mgongoni. Akachukua chetezo cha ubani, akakizungusha miguuni pake polepole, upande huu, upande ule. Akamletea sinia: tende, kata ya maji ya ziwa, na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Mugambi akala tende. Akanywa maji. Akauliza kitambaa ni cha nini.

"Cha shingoni."

Akainamisha shingo mwenyewe, akajifunga.

"Unaona, Abdul?" akaniambia, huku anapiga picha yake na simu. "Hii ndiyo inaitwa heshima. Huko mjini tunapewa chupa ya maji na kipaza sauti kibovu."

Mimi sikunyunyiziwa marashi. Nilipewa fimbo.

"Ya nini, Bi Nusra?"

"Nyoka. Wewe kaa nyuma yake. Usimpite."

Tukaondoka. Mji ukiwa mkono wetu wa kushoto.

Makonde yalikuja kwanza. Mshale wa kwanza upo, wa pili upo. Wanawake walikuwa wakipalilia ufuta, na mzee mmoja alikuwa akifunga ua wa miti. Tulipowakaribia walisimama, wote, kama wanafunzi akiingia mwalimu. Mugambi akapunga mkono.

Wakageuka. Wakatupa migongo.

"Mbona hivyo? Tumewakosea?"

"Wapumzisha mato, Bwana," akasema Nusra bila kugeuka. "Jua kali."

Macho gani? Jua lilikuwa nyuma ya minazi. Mimi nikahisi kitu kinanitambaa kichwani, kumbukumbu isiyotaka kukaa. Nilipokuwa mdogo, ami yangu alinileta Mtondooni kutazama zinguo. Nilikuwa nimesimama ukutani, nimetoa macho, na ami yangu akanishika kichwa akakigeuza kwa nguvu. *Usimtazame akipita*, aliniambia. *Akikutazama nawe, alichobeba kitakwamia kwako.*

Nikaikumbuka hiyo. Kisha nikajiambia nina shahada, nikaendelea kukagua mishale.

Ziwani palikuwa kimya. Masika ilikuwa imepita vizuri na maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya miti ya mikoma, yamelala, hayana hata mkunjo. Hakuna chura. Hakuna ndege. Mugambi akasimama kupumua.

"Wastani, wastani," akasema, "nani aliandika ni wastani? Hii ni ngumu, bwana." Akavua viatu, akavipindua. "Vimejaa mchanga."

Haikutoka hata punje.

Akavivaa tena. Akainuka kwa kushika magoti, kama mtu anayeinuka na gunia.

Ndipo nilipoisikia harufu. Kwanza ubani, nikadhani umemganda nguoni. Chini ya ubani, harufu ya zizi. Jasho la mnyama, majani yaliyotafunwa. Nikatazama huku na huku nione ng'ombe wa watu wanaokunywa maji. Hapakuwa na ng'ombe.

Na nyuma yangu…

Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho. Nusra mbele, Mugambi kati, mimi nyuma. Lakini nyuma yangu mtu alikuwa akipumua. Hewa inaingia kwa taabu, inapiga mluzi mwembamba, inakwama. Inaingia tena. Inakwama.

Ni pumzi za mtu mwenye pumu.

Sikugeuka. Nilikuwa nimeshika fimbo kwa mikono miwili.

Tukafika vilimani. Kutoka chini, kilima cha kwanza cha Mtondooni ni kama ukuta mweupe. Ukipanda hatua mbili unashuka moja. Nusra alipanda bila kuzama, kandambili mkononi. Mugambi alizama hadi vifundoni. Halafu hadi kwenye muundi wa mguu. Alikuwa mtu mwembamba, Mugambi, wa kusukumwa na upepo wa kaskazi, na mchanga ulikuwa unammeza.

"Mama," akaita, "hebu nivute kidogo."

Nusra akavua leso aliyojitanda mabegani, akamtupia ncha. Mugambi akaizungusha kiganjani, mara moja, mara mbili, akaikaza. Nusra akashika ncha ya pili. Akatangulia.

Akamvuta.

Nikawatazama kutoka chini. Mwanamke mbele, kamba mkononi. Nyuma yake kiumbe kizito, shingoni kitambaa cheupe, kinanuka marashi, kinafuata kwa kichwa kilichoinama. Na nyuma ya kiumbe hicho mtu mwenye fimbo.

Mtu mwenye fimbo ni mimi.

Nikaziangalia nyayo. Za Nusra zilikuwa nyepesi, vidole vimechapwa vizuri mchangani. Zile zilizofuata zilikuwa mashimo. Nikainama kwenye moja. Nikatia mkono. Uliingia hadi karibu na kiwiko, na chini kabisa, pale palipotakiwa kuwa na soli ya kiatu, vidole vyangu vikagusa alama.

Ilikuwa imegawanyika mara mbili.

Sijui nilifikaje juu. Mugambi alikuwa ameketi mchangani, leso bado imemkaba mkononi, anatazama upande wa bahari na mdomo wazi. Mji wa Mtondooni ulikuwa chini yetu, mapaa na moshi wa jikoni. Nikamvuta Nusra kando kwa kumwita tu, kwa maana sikuthubutu kumgusa.

"Bi Nusra," nikanong'ona. "Huyu si ng'ombe. Huyu ni mtu."

"Najua."

"Zinguo hutoa mabaya. Na hili?"

"Hili larudisha." Alikuwa anazungumza kama mtu anayenieleza bei ya samaki. "Yote tuliyoyatoa tangu wazee na wazee. Yalikuwa huko nde ya mui, yangoya. Sasa yaya. Na yakiya yataka mgongo wa kukalia."

"Basi yaliyokuwa yakingoja nje ya mji yanakuja, yamkalie yeye. Na mwisho wake?"

"Mwisho wa ng'ombe waujua, Abdulwahid. Usijifanye mgeni."

Pale chini, karibu na jiwe, watu walikuwa wameanza kukusanyika. Wadogo kama sisimizi. Wote wametupa migongo.

"Ana mke," nikasema. "Ana watoto."

"Na mimi nina wangu. Wauliza baba yao yuko wapi. Niwaambie kahifadhiwa katika hali nzuri?"

Nikasema tu, "Mpe nafasi. Moja."

Upepo ulikuwa unasukuma mchanga juu ya miguu yetu, na nyuma ya upepo ile pumzi ilikuwa inavuta, inakwama, inavuta.

"Haya," akasema. "Na amtaye mume wangu. Kwa jina lake, na lile alilomfanyia. Akimtaya naifungua leso papa hapa, ashuke kwa ndia yake, na mimi sitomtafuta tena. Wallahi."

Nikaenda nikachuchumaa mbele ya Mugambi, macho yangu nimeyaweka kwenye vifungo vya shati lake. Nikamwambia kila kitu. Zinguo, marashi, fimbo, nyayo. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka mpaka akakohoa.

"Abdul! Na wewe ndiye nimekutegemea kwa mambo ya kusoma. Nikuandikie likizo?"

"Bwana, niamini au usiniamini. Umtaje tu mume wake. Yule aliyefia kituoni. Ni neno moja."

Kicheko kikapungua. Akamtazama Nusra, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwona. Uso ukamlainika. Nasema kweli, ukamlainika.

"Kumbe ni wewe, mama. Pole. Pole sana. Ile kitu ilituuma sote. Idara ilisimama na familia, si ndiyo, Abdul?"

"Jina lake," akasema Nusra.

"Ndiyo, ndiyo. Marehemu… Si alikuwa anaitwa… yule jamaa wa mishale." Akajipapasa paji la uso. "Omari? Hapana. Ngoja. Ilianza na A. Amani? Athumani… Jameni, niliiona kwenye faili juzi tu."

Upepo ukatulia. Pumzi ikatulia pia, kana kwamba na yenyewe inasikiliza.

"Abdul," akanong'ona Mugambi, na mkono wake usiofungwa ukanishika goti. Ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. "Nisaidie. Ni nani?"

Nusra hakunitazama. Alikuwa anatazama leso yake. Hakunikataza, hakunitisha. Jina lilikuwa nyuma ya meno yangu, jepesi, silabi tatu ambazo hata mtoto anaziweza.

Nikafunga mdomo.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilimwogopa Nusra. Sikumwogopa. Nilikuwa namwona mtu aliyevuliwa mkanda, ameketi kwenye sakafu ya saruji, anagonga mlango kwa kiganja. Polepole, asije akamaliza pumzi.

"Si neno," akasema Nusra kwa upole. "Twende, Bwana. Jua lazama."

Mteremko wa upande wa pili ni mkali. Mugambi alishuka kwa mikono na miguu, kama yeyote angeshuka, nami nilijiambia hivyo: kama yeyote. Kitambaa cheupe kilining'inia. Hakusema tena maneno. Alitoa sauti moja tu, ndefu, kutoka tumboni, nikaisikia ikijibiwa na ng'ombe wa kweli katika mazizi ya mji, mmoja baada ya mwingine.

Nyuma yangu havikuwa tena vishindo vya mmoja. Walikuwa wengi. Wengine walikokota miguu. Wengine walilia kama watoto wenye surua. Kuna kilichokuwa kinacheka. Kila nilipotaka kusimama, kitu kilinigusa mgongoni, taratibu, kama mtu anayekuharakisha kwenye foleni.

Nikamswaga. Sikumpiga, lakini fimbo niliitanguliza, na alipopunguza mwendo iligusa mapaja yake. Aliongeza mwendo.

Adhana ya magharibi ilitukuta tunaliona jiwe. Watu walikuwa wamesimama pande mbili, wameacha njia katikati, migongo tu, kanzu na mabuibui. Ndoo za maji zilikuwa zimepangwa, kama siku ya machinjo. Hakuna aliyekohoa. Nilimwona mwanamume mmoja ameficha mkono ndani ya koti, na mkono huo ulikuwa umenyooka sana, kama unaoficha kisu.

Zilibaki hatua chache tu.

Nusra akasimama.

Akarudi hadi alipokuwa Mugambi, akaifungua leso kiganjani pake, fundo baada ya fundo, akaikung'uta mchanga, akajitanda.

"Patosha yeo," akawaambia watu, yaani leo imetosha.

Migongo ikatikisika. "Nusra," sauti ya mwanamume ikanong'ona, "mzunguko haukufungwa. Hayo yote uliyoyaleta yatakaa wapi?"

"Yatakaa kwake." Akamwonyesha Mugambi, kisha akaninyooshea mimi kidole bila kunitazama. "Wewe, mpitishe kando. Usimvushe hapo kwenye jiwe."

"Kwa nini?" nikauliza. "Kama ulitaka… mbona humalizi?"

"Mume wangu alingoya mlango ufunguliwe," akasema Nusra. "Na huyu na angoye."

Uzinduzi uliahirishwa mpaka taarifa nyingine itakapotolewa, ambayo ni lugha yetu ya kusema kamwe. Asubuhi Mugambi aliamka mzima, amenyamaza. Alikula chapati, akaomba chai, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ni wapi mlikutana. Nikaanza kujidanganya kwamba lilikuwa joto. Kisha tukapanda boti pale Mtangawanda. Alipokanyaga tu, upande ule ukazama mpaka maji yakaingia, na nahodha akapiga kelele, "Mumepakia nini nyie, saruji?" Abiria wote wakahamishiwa upande wa pili. Mugambi peke yake huku, watu na kuku na magunia huko, na bado boti ilikwenda imeinama hadi Amu.

Kisiwani Manda, kwenye uwanja wa ndege, ndege ilikuwa ndogo na kila abiria alipimwa uzito. Kijana wa mizani akamwomba Mugambi ashuke, apande tena. Akamwita mwenzake. Wakaipiga mizani teke. Mwishowe walimtoza mzigo wa ziada, naye alikuwa amebeba faili moja. Akalipa bila kuuliza. Alidai risiti.

Sikumwona tena.

Nikarudi Mkomani, kwenye nyumba yetu ya mawe na vitabu vyangu. Kwetu vichochoro ni vyembamba. Punda akipita inabidi ujibane ukutani, na mimi nimezaliwa nikisikia kwato za punda. Nazijua. Zinazofika mlangoni kwangu kila magharibi si za punda. Ni nzito, zinakuja polepole, zinasimama. Halafu pumzi. Kitu kinasugua mbao za mlango kwa paji la uso, kwa subira, kama mnyama anayemngoja mchungaji wake.

Mke wangu, Ruwaida, haisikii. Lakini juzi alinyanyua kichwa kutoka kwenye sufuria akaniuliza nani kachoma ubani.

Jana magharibi simu iliita. Ni mwanamke, anazungumza chini chini, kama aliyejifungia.

"Ni Bwana Abdulwahid? Naitwa Kagendo. Mke wa Mugambi."

Akanieleza yote. Ofisini mumewe alipewa likizo ya ugonjwa. Daktari hajaona kitu. Kila jioni anainuka kitini na kuanza kuizunguka meza ya chakula, kushoto kwa kushoto, mpaka vigae vimepasuka. Halali kitandani tena, kitanda kilivunjika. Watoto, Kagendo amewapeleka kwa mama yake. Chakula mumewe hataki, anakwenda kusimama nje kwenye nyasi.

"Na anauliza jambo moja tu," akasema Kagendo. "'Ni nani yule? Nisaidie, ni nani?' Mchana kutwa. Amesema wewe unajua. Ndugu yangu, kama ni jina la mtu, tafadhali, niambie nimwambie. Nimechoka."

Safari hii nilisema. Nakuapia nilisema, tena kwa sauti. "Amini. Mwambie anaitwa Amini. Aliugua pumu, alifungwa kwa amri yake."

Nikamsikia akiinuka, mlango ukifunguliwa. Sauti yake ikawa mbali. "Baba watoto, amesema ni Amini. Amini."

Nikasikia hatua nzito zikisimama.

Kisha sauti ambayo zamani ilikuwa inacheka sana. "Nani?"

"Amini."

"Nani?"

"Amini! Amini! Sema nami, A…"

"Nani?"

Akarudi kwenye simu analia. Lilikuwa linamwingia na kudondoka, akasema, hata midomo yake haikuweza kulifinyanga. Alijaribu kuliandika kwenye karatasi akamwonyesha. Mugambi aliitafuna karatasi.

"Amekuwa akiniomba nimrudishe huko," akasema alipotulia. "Kwa hiyo njia ya kutembea. Anasema alibakisha hatua chache, kuna mama anamngoja, akizimaliza atapumzika. Mimi sielewi, lakini nimekata tikiti. Nimeona bora amalize. Kuna ubaya wowote akimaliza?"

Nje, kichochoroni, kile kitu kilikuwa kimefika. Kikasugua mlango.

"Hakuna ubaya," nikasema. "Atapumzika."

"Utampokea wewe?"

"Nitampokea, dada."

Aliniombea baraka nyingi. Alipokata, nikampigia Nusra. Aliitikia mara moja, kelele za jikoni nyuma yake, sufuria, watoto wanagombana.

"Yuwaya," nikamwambia, yaani anakuja.

"Na jina? Ulimpa?"

"Nilimpa. Halikai."

Nilidhani atacheka, au atalia. Akamgombeza mtoto mmoja ashushe sauti, kisha akaniambia, "Basi nawaambie watu wateke maji. Na wewe uye na fimbo yako."

Ndege inatua Manda kesho alasiri. Nimeshapiga pasi shati.